Mwanamume Anayepokea Simu ya Mama Mashine

Mashine ya kusaga nafaka haijui kunong'ona. Ikiwashwa, mabati ya paa hutetemeka, na watu waliosimama bega kwa bega huongea kwa mikono. Mwenye mashine hiyo ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana. Kuanzia asubuhi hadi jioni nyusi zake huwa nyeupe kwa unga. Mtaani wanamwita Mama Mashine.

Simu yake haikai mfukoni. Unga huingia kila mahali, hata kwenye tundu la chaji. Kwa hiyo huifunga ndani ya mfuko wa nailoni, huitia kwenye kopo la bati, na kopo hukaa juu ya rafu nyuma ya mizani. Simu ikiita mashine ikiwa inanguruma, yeye hasikii kitu. Akizima mashine ndipo anafungua kopo, anatazama nani alipiga, kisha anampigia. Wateja wanajua hivyo. Ndugu zake wanajua. Mumewe anajua kuliko wote, maana ndiye aliyemnunulia simu hiyo.

Mumewe ni fundi rangi. Ni hodari wa kazi, mcheshi, na mtu wa kurudi nyumbani mapema. Ila ana wivu. Mkewe akicheka sana na mteja, yeye hukohoa. Mteja akizidisha maneno, kikohozi nacho kinazidi. Mama Mashine alishakizoea kikohozi hicho. Alidhani wivu wa mumewe unaishia kooni.

Siku moja mchana Fundi Rangi alikuwa juu ya ngazi, anapaka dari la nyumba ya watu. Alitaka kumwambia mkewe kwamba atachelewa. Akaweka brashi juu ya kopo, akafuta vidole, akapiga. Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.

"Haloo," ilisema sauti nzito ya mwanamume.

Fundi Rangi akatazama kioo cha simu. Jina lilikuwa la mkewe. Picha ilikuwa ya mkewe.

"Nani wewe?" akauliza.

"Wewe uliyepiga ndiye useme wewe nani."

"Mwenye simu yuko wapi?"

"Mwenye simu ni mimi. Unataka nini?"

"Nataka mke wangu!"

"Basi mtafute huko ulikomwacha," ilijibu sauti, na simu ikakatwa.

Fundi Rangi alishuka kwenye ngazi bila kutazama pa kukanyaga. Nusu ya dari ilibaki bila rangi. Alifika nyumbani jioni, matone ya chokaa yamemkaukia kwenye nywele, na hakutoa hata salamu.

"Mchana ulikuwa na nani?" akamuuliza mkewe.

"Na mashine."

"Nakuuliza vizuri."

"Na mimi nakujibu vizuri, Baba Watoto. Kulikuwa na foleni mpaka nje. Nilikuwa na mashine, na magunia, na kelele. Kwani vipi?"

"Nimekupigia simu. Amepokea mwanamume."

Mama Mashine alicheka. Alidhani ni utani wake wa kila siku. Kisha akamwona uso, akaacha kucheka.

Mume akatoa simu yake, akaitupa mezani. "Soma mwenyewe! Nimekupigia. Imepokelewa. Muda tuliozungumza umeandikwa hapa."

Mke naye akatoa simu yake kwenye mfuko wa nailoni, akaiweka kando ya ile. "Na wewe soma hapa. Ulipiga, sikupokea. Alama nyekundu hii hapa. Haikupokelewa."

Simu mbili zililala mezani, kila moja na maneno yake. Ya mume ilisema waliongea. Ya mke ilisema haikupokelewa. Wala hazikuwa zinadanganya, lakini pale mezani hapakuwa na mtu wa kulijua hilo.

"Umefuta kitu," alisema mume.

"Ningefuta si ingekuwa haipo kabisa? Tumia akili!"

"Usiniambie nitumie akili!"

"Nitakuambia, maana umeiacha kwenye ngazi!"

Binti yao alikuwa anafanya kazi ya shule pembeni. Alifunga daftari lake taratibu akatoka nje. Wakaendelea kugombana mpaka sauti zikawakauka.

Kesho yake mume alipiga tena mchana. Akapokea yule yule. Safari hii Fundi Rangi hakuuliza. Alimtukana. Alimwambia aachane na mke wa watu.

"Mke gani?" ilifoka sauti. "Mke wangu ndiye huyu hapa mbele yangu, ananitolea macho kwa sababu yako! Ukipiga tena nitakushitaki!"

Mtu mwenye akili zilizotulia angejiuliza jambo hapo. Mgoni gani anapokea simu mbele ya mke wake? Lakini Fundi Rangi alishapandwa na mori, na mtu wa namna hiyo hajiulizi. Alimpigia mama yake. Mama yake naye akaijaribu namba ya mkwewe mchana, akapokelewa na mwanamume. Bibi huyo hakufikiri mara mbili. Alipita kwa jirani wa kulia, akapita kwa jirani wa kushoto, akatia chumvi hapa na pilipili pale. Ilipofika jioni, mwanamume wa kwenye simu alikuwa na gari, na gari lilikuwa jeusi.

Nasema hivi kwa hasira, na siombi radhi. Hakuna aliyekwenda kumuuliza Mama Mashine. Hakuna aliyesimama mlangoni pake mchana, dakika chache tu, aone kama kweli mtu anaweza kuficha mwanamume kwenye chumba chenye mashine moja, mizani moja na watu kumi wanaosubiri unga. Walimwamini mtu wasiyemjua, aliyesema haloo, wakaacha kumwamini mwanamke waliyemjua tangu anaolewa.

Wateja wakaanza kunong'ona. Mashine ikinguruma wanaongea, ikizimwa wananyamaza ghafla. Mwanamke mmoja alichukua gunia lake bila kusema asante. Mama Mashine alimtazama akienda.

Jioni moja mumewe akamwambia, "Jumapili kuna kikao. Kaka yangu mkubwa atakuja. Nimemwita na kaka yako. Kama huna la kusema, utafunga mizigo."

"Na mashine?"

"Mashine ipo kwenye kiwanja cha kwetu."

Nyumba ile waliijenga pamoja, tofali juu ya tofali. Mashine ile aliinunua kwa jasho lake, lakini kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mume, na imechimbiwa chini kwa zege. Akiondoka, angeondoka na nguo zake na jina baya. Binti yake angebaki kusikia jina hilo njiani kila siku akienda shule.

Asubuhi hakuwasha mashine. Alichukua simu yake, ikiwa bado ndani ya mfuko wa nailoni, akaenda mpaka kibanda cha Mama Chaji.

Mama Chaji alianza zamani kwa kuchajia watu simu. Sasa anatengeneza simu za kila aina, lakini jina halikubadilika. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na ana mdomo. Ukimpelekea simu iliyoingia maji, anakugombeza kwanza ndipo anaifungua.

"Shikamoo, dada," alisema Mama Mashine. "Nataka uivunje hii simu. Mbele yangu. Nitakulipa."

"Marahaba. Kuvunjiwa havunjiwi mtu hapa. Nyundo si unayo kwako? Kaa chini. Imefanya nini?"

Mama Mashine alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaeleza. Alianza kwa sauti ndogo, akamaliza akipiga meza kwa kiganja. Mama Chaji hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyo mwanamume," akauliza, "jioni anapokea?"

"Jioni napokea mwenyewe."

"Asubuhi kabla hujafungua mashine?"

"Napokea mwenyewe."

"Na mchana, mashine ikiwa imezimwa?"

Mama Mashine alifikiri. "Napokea mwenyewe pia. Dada yangu alinipigia juzi umeme ulipokatika, tukaongea vizuri tu."

"Basi mwanamume huyo ana adabu sana," alisema Mama Chaji. "Anasubiri wewe ushindwe kupokea, ndipo apokee yeye. Na salio lako? Haliishi ovyo?"

"Linaisha! Nimelalamika mpaka nimechoka. Naweka leo, kesho halipo, na sijampigia mtu."

Mama Chaji aligonga meza kwa bisibisi. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amekasirika. "Dada, simu yako haina mwanamume. Simu yako imehamishwa. Ipo huduma ya mtandao ya kuhamisha simu. Unaiambia laini yako: mtu akinipigia nisipopokea, mpeleke kwenye namba fulani. Simu inaita kwako kwanza. Usipopokea, inarukia kwa huyo mwingine. Aliyepiga haambiwi kitu. Kwenye kioo chake anaona jina lako vile vile. Kwako inaandika haikupokelewa, kwake inaandika mmeongea. Na ile safari ya pili, kutoka kwako kwenda kwa huyo mtu, kwenye mitandao mingi unailipia wewe."

"Mimi sijaiambia laini yangu chochote!"

"Basi ameiambia mtu mwingine aliyeishika mkononi. Mambo haya hayaji kwa upepo. Toa simu kwenye huo mfuko. Bonyeza mwenyewe, sitaki kusikia kesho kwamba Mama Chaji ndiye aliyegusa. Nyota. Reli, ile alama ya vijiti vinne vilivyopishana. Sita. Moja. Reli. Sasa bonyeza pa kupigia."

Mama Mashine alibonyeza kwa kidole chenye unga: *#61#. Kioo kikafikiri kidogo. Kisha maneno yakatokea, na chini yake namba ya simu.

"Hii hapa," alisema Mama Chaji, akiinama. "Sauti, usipopokea, inahamishiwa kwenye namba hii. Sikiliza. Mwanzo wake ni wa mtandao wetu huu huu. Halafu nne, nne, tisa, sifuri..."

"Mbili, sita, sita," alimalizia Mama Mashine. Hakuwa anatazama kioo.

Mama Chaji aliinua uso. "Kumbe unamjua!"

"Namjua. Nimezaa naye."

Mama Mashine alikuwa anatazama ukuta wenye magamba ya simu za zamani, na macho yake yalijaa machozi ambayo hakuyaruhusu kushuka.

"Ni namba ya zamani ya mume wangu," alisema. "Ndiyo aliyonipa alipokuwa ananichumbia. Niliijua kwa moyo kabla sijajua jina la mama yake. Mwaka jana aliibiwa simu kazini. Hakutaka kupanga foleni airudishe laini ile. Akanunua nyingine."

"Ile ya zamani ikabaki haina mtu."

"Ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo hadithi yote. Namba ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaichukua na kumpa mteja mwingine. Huyo baba aliyepokea kainunua laini yake dukani kihalali. Wala hajui kwa nini watu wanampigia na kumtukana. Aliyekuhamishia simu hizi hakuiba laini ya mtu. Alizihamishia kwake mwenyewe, akasahau. Pengine alidhani laini ikipotea na amri inapotea. Haipotei. Amri ipo kwenye laini yako wewe, na inakaa hapo mpaka mtu aifute."

Mama Mashine alisimama. Kiti cha plastiki kilianguka nyuma yake.

"Alinipa simu hii kwa mkono wake," alisema. "Akaniambia, subiri nikutengenezee kila kitu. Nikamshukuru! Nilimpikia, nikamshukuru!"

"Kaa."

"Sikai! Alikuwa anajipokelea simu zangu awasikilize wanaonipigia. Leo mtego wake mwenyewe umefyatuka, na mimi ndiye nifunge mizigo?"

"Kaa, nakwambia, ukikimbia na hasira hiyo utafika huko umesahau namba." Mama Chaji aliokota kiti. "Kukasirika ni haki yako. Lakini usiifute amri hii leo. Ukiifuta leo, Jumapili utawaonyesha nini? Wacha ikae. Mimi nitakufundisha, na hutoki hapa mpaka uniambie bila kukosea."

Wakakaa. Mama Chaji alimfundisha kama anavyofundisha wote, kwa kufoka. *#21# ni ya kuuliza kama simu zote zinahamishwa moja kwa moja, bila hata kuita kwako. *#61# ni ya usipopokea. *#67# ni ya ukiwa unaongea na mwingine. *#62# ni ya simu ikiwa imezimwa au haipatikani. Na ya kufuta zote kwa pamoja ni ##002#. Akamwambia kwamba kama mtu anatumia sanduku la sauti la mtandao, lile la kuachiwa ujumbe, hiyo ya mwisho huenda ikalifuta nalo, na kwamba mtandao mwingine unaweza kuwa na namba zake tofauti, kwa hiyo asipopata jibu aulize huduma kwa wateja.

"Watu wanaziita namba za siri," alisema Mama Chaji. "Siri ya nani? Zimo kwenye simu karibu zote. Anayezijua kazi yake ni kuwapiga wenzake chenga, na asiyezijua anaambiwa amerogwa! Na wengine ni matapeli kabisa. Anakupigia mtu, anajifanya wa kampuni ya simu, sauti tamu. Anakwambia laini yako ina hitilafu, bonyeza nyota mbili, ishirini na moja, nyota, halafu namba hii, halafu reli. Ukibonyeza tu, umempa simu zako zote. Benki ikikupigia, anapokea yeye. Mtoto wako akikupigia, anapokea yeye. Mtu usiyemjua akikuambia ubonyeze nyota yoyote, mkatie simu usoni."

"Na ninayemjua?"

Mama Chaji alisukuma miwani yake juu, akasema, "Na unayemjua mwambie akueleze kwanza inafanya nini. Asipoweza kueleza, asiguse."

Jumapili walikaa sebuleni. Kaka mkubwa wa Fundi Rangi alikaa kwenye kiti kikubwa, mtu wa maneno machache. Bibi alikaa kando ya dirisha, amejifunga leso yake kwa nguvu kama mtu anayesubiri ushindi. Kaka yake Mama Mashine, dereva wa lori, alikaa karibu na mlango na hakugusa chai.

Fundi Rangi alianza kueleza. Alieleza vizuri, na kila alipofika pabaya sauti ilimtetemeka. Alikuwa anaumia kweli, hilo siwezi kumnyima.

"Shemeji," alisema kaka mkubwa, "umesikia. Una la kusema?"

"Ninalo, shemeji. Lakini kwanza naomba unipigie simu. Washa spika, wote wasikie."

Akaweka simu yake katikati ya meza, kioo juu. Kaka mkubwa alipiga. Simu ya Mama Mashine ikaita mbele yao wote. Yeye alikaa mikono imefungwa kifuani. Iliita mpaka Bibi akasema, "Si upokee?"

Ikanyamaza mezani. Kwenye simu ya kaka mkubwa sauti nzito ikasema, "Haloo! Jamani, mpaka Jumapili?"

Bibi akashika mdomo. Fundi Rangi akaruka. "Ndiye huyo! Mmesikia? Ndiye huyo!"

"Kaa chini," alisema Mama Mashine. "Simu yangu iko hapa mezani. Nani ameipokea? Mimi? Nimemficha mgeni kwenye birika?"

Kaka mkubwa alikata simu, akaitazama kama kitu kilichomng'ata.

"Sasa tazameni." Mama Mashine alibonyeza nyota, reli, sita, moja, reli, polepole, akitaja kila kimoja kwa sauti. Namba ilipotokea, alimsogezea shemeji yake. "Hii ndiyo namba simu zangu zinapokwenda nisipopokea. Ibonyeze kwenye simu yako, shemeji. Usipige. Bonyeza tu, tarakimu moja moja."

Kaka mkubwa alibonyeza kwa kidole kimoja, miwani puani. Alipofika tarakimu ya mwisho alisimama. Alisoma kioo. Akasoma tena. Kisha akamgeukia Fundi Rangi.

"Mbona simu yangu inasema ni wewe?"

Ilikuwa imeandikwa pale, kama alivyoihifadhi miaka yote na kusahau kuifuta: Mdogo Wangu.

Rangi ilimtoka Fundi Rangi usoni.

"Nani aliyeiweka namba yako kwenye simu yangu?" aliuliza Mama Mashine.

"Ni... zamani," alisema. "Nilipokununulia. Mwenzangu mmoja kazini alinionyesha. Alisema ni namba za siri, mtu hajui. Nilitaka tu nijue nani anakupigia. Halafu nikaibiwa simu, nikadhani yameisha. Mama Watoto, yalikuwa ya zamani."

"Ya zamani ndiyo yaliyopokea simu sasa hivi!"

"Na katika kusikiliza kwako," aliuliza dereva wa lori kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa nzuri, "ulimkamata nani?"

Fundi Rangi alitazama sakafu. "Wateja," alisema. "Walikuwa wanauliza kama umeme umerudi."

Dereva alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mama Mashine hakucheka.

"Nina hasira," alisema, na alisema kwa utulivu kuliko walivyotarajia. "Sitajifanya sina. Umenitegea mtego, ukasahau ulipoutega, ukanasa mwenyewe, halafu ukaniita mimi msaliti. Umeniita mchafu mbele ya binti yangu. Kama nisingekwenda kwa Mama Chaji, leo ningelala wapi? Na wewe, mama." Akamgeukia mkwewe. "Shikamoo yangu unaipokea kila asubuhi. Hukuweza kuniuliza mara moja? Mlango wangu uko hatua chache tu."

"Mwanangu, mimi niliambiwa..."

"Uliambiwa na simu. Wale uliowaambia, waendee tena. Kulia na kushoto. Wote. Na lile gari jeusi uliuze huko huko."

Bibi alifungua leso yake, akaifunga upya, safari hii bila nguvu. "Nitakwenda," alisema.

Kaka mkubwa alikohoa. "Mizigo haifungwi," alisema. "Na kile kiwanja tutakiandika. Mahali pa mashine patakuwa pake, kwa jina lake. Kuna mwenye neno?"

Hakuwapo. Fundi Rangi alitikisa kichwa kukubali, bado anatazama sakafu.

"Bado mtu mmoja," alisema Mama Mashine. "Mpigie yule baba. Ile si namba yako? Unaijua vizuri."

Fundi Rangi alipiga, spika ikiwa wazi. Aliomba radhi kwa maneno yaliyokwama kwama. Yule baba akasema, "Usiniambie mimi. Ngoja. Mke wangu, njoo! Njoo usikie mwenyewe!" Na Fundi Rangi ikabidi aeleze yote upya kwa mwanamke asiyemjua. Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu kitabu hiki kitasomwa na watoto. Hakuna neno ambalo hakustahili kulisikia.

Kisha Mama Mashine alishika simu yake. Reli, reli, sifuri, sifuri, mbili, reli. Kioo kikajibu kwamba amri zote zimefutwa. Akauliza tena kwa *#61#, kuhakikisha. Hakukuwa na namba yoyote. Hapo hapo akaweka namba mpya ya kufungulia simu, akiwa amempa mumewe mgongo.

"Na mimi niangalizie yangu," alisema Bibi kwa sauti ndogo, akinyoosha simu yake yenye vitufe.

Mama Mashine aliichukua. Hakumwangalizia. Alimwonyesha jinsi ya kuangalia mwenyewe, kitufe baada ya kitufe, mpaka bibi akaweza.

Mashine iliwashwa tena Jumatatu. Yule mwanamke aliyechukua gunia bila asante alirudi, akasimama kwenye foleni, akasema asante kabla hata hajasagiwa. Juu ya mlango kuna ubao. Zamani ulikuwa na bei tu. Sasa chini ya bei Mama Mashine ameandika kwa chaki: *#21#, *#61#, *#62#, *#67#, halafu ##002#. Anayesubiri unga anafundishwa. Binti yake anafundisha vizuri kuliko yeye, maana hafoki.

Salio halipotei tena. Hasira, ndiyo ipo. Imepungua, lakini hajaimaliza, na hakuna anayemharakisha.

Fundi Rangi bado humpigia mchana, akiwa juu ya ngazi. Simu inaita, inaita, mpaka inakata. Hapokei mke wala hapokei mwanamume. Anaiweka simu mfukoni, anachovya brashi, anaendelea kupaka. Mashine ikizimwa, atapigiwa. Na siku ambazo hapigiwi, hakohoi.